Jumlisha au Toa Thelathini

Umeme umekatika tangu saa kumi na mbili.
Kompyuta imebakiza asilimia kumi na tisa,
nami nina namba moja mkononi:
mia sita na arobaini, jumlisha au toa thelathini.
Ni umri wa kipande cha makala, kidogo kuliko ukucha,
tulichokitoa Ndosho chini ya mita mbili za makoro,
vijana walipokuwa wakichimba choo cha shule
na sururu, badala ya jiwe, ikagonga jiko.

Jiko la mtu. Mafiga matatu, majivu,
chungu kilichopasuka, samaki ndani yake,
na juu ya vyote ule ukuta mweusi
uliokuwa moto ukitembea.

Programu ni mpole, lakini inahoji kama kizuizi cha barabarani:
Wewe ni wa kaskazini au wa kusini?
Maana hewa ya kaskazini ina mkondo wake
na ya kusini ina wake,
imesomwa katika pete za miti iliyokufa mbali na hapa,
miti isiyowahi kulisikia jina la Goma.
Nacheka peke yangu gizani.
Mkoa wetu unaitwa Kivu ya Kaskazini
na tuko kusini mwa ikweta, digrii moja na ushee.
Nusu huku, naandika, nusu kule.
Inakubali.
Ni mara ngapi tumejibu hivyo
tusikubaliwe.

Namba inaingia kutoka kushoto kama mgeni atafutaye mlango.
Mkondo unashuka, unajuta, unapanda kidogo, unashuka tena,
na namba inaugusa mara mbili.
Vilima viwili chini ya skrini:
mti ulikatwa mara moja,
miaka ya kuukata ni mingi.

Kisha samaki.
Jiko lile lile, chungu kile kile, usiku ule ule,
na mfupa wake unadai alikufa
miaka elfu nne kabla ya moto uliompika.
Si mwongo. Ziwa lilimlisha pumzi ya chini,
kaboni iliyozeeka ndani ya mwamba
bila kuliona jua.
Programu ina kisanduku cha kosa kama hilo:
andika kiasi, nitakutolea.

Pumzi hiyo twaijua. Twaiita mazuku.
Majani yanayochipua kwenye mabonde yake kule Bulengo,
ukiyapima wiki hii hii,
yatakuambia ni wahenga.
Mbuzi wetu alilala humo asubuhi isiyo na upepo.
Mdogo wangu Bwira akainama kumfungua kamba.
Alikuwa na miaka tisa.
Hapo hakuna jumlisha. Hakuna toa.

Mama Kasoki anajua siku ile, na saa, na shati.
Siku yake mwenyewe haijui.
Kadi yake inasema tarehe mosi Januari 1950:
karani alikuwa na njaa, foleni ilikuwa ndefu.
Yeye husema, nilizaliwa lava ya Kituro ikiwa imelala
lakini bado inavuta sigara.
Moto wa sabini na saba ulimkuta na mimba yangu.
Wa elfu mbili na mbili ulichukua nyumba,
ukaacha ufunguo mfukoni mwake.
Anao hadi leo.

Asilimia nne.
Anapepea jiko, cheche zinaruka hadi kwenye kanga.
"Makala yako yana miaka mingapi?"
Namsomea: kati ya 1300 na 1405,
kwa uhakika wa tisini na tano katika mia.
"Kati ya," anarudia, kama anayeonja chumvi.
"Kumbe hata hiyo mashine ilizaliwa kijijini."

Anageuza sambaza kwenye kikaango.
Halafu, bila kuinua macho:
"Na huyo aliyepika, alikula?"

Natafuta kisanduku cha kuandikia hilo.
Skrini inazimika.
Nakumbuka samaki walivyokuwa wamelala chunguni,
wazima, vichwa upande mmoja,
hakuna hata mwiba uliohamishwa.

"Alikula, mama," nasema.
"Alikula akashiba."