Nguzo za Chini

Mama Tusekile ameniita mara ya nne.
Ufa umeanzia dirishani, umepita nyuma ya picha ya marehemu,
umeshuka hadi sakafuni, ukatoka kwa mlango
kama mgeni aliyekwisha kunywa chai.

Mara ya kwanza niliuziba kwa kiganja cha saruji.
Mara ya pili, ndoo.
Mara ya tatu niliandika tarehe kwa penseli juu ya ufa wenyewe.
Leo tarehe imeachana:
siku iko kushoto, mwezi uko kulia,
na katikati mwiko wangu unaingia wote.

"Ulinijengea vibaya, fundi?"

Nashusha timazi. Uzi unatulia;
ukuta umeuacha kwa vidole vitatu.
Timazi haina undugu na mtu.

Wahenga walituachia maneno ya ufa na ukuta.
Hawakusema lolote kuhusu ufa unaopanda kutoka chini,
chini ya msingi, chini ya mizizi ya mikaratusi,
kule kampuni ilikochimba makaa ya mawe
ikaacha nguzo za makaa yenyewe
ziubebe mlima.

Kampuni ilipofunga, vijana waliingia usiku
wakaanza kula nguzo.
Nguzo ni makaa rahisi: imesimama tu, inakungoja.
Mwamba wa juu ukapinda
kama ubao wa rafu uliozidiwa na mzigo,
halafu ukapasuka, tukadhani ni radi ya Rungwe.
Jumanne kisima cha shule kikakauka.
Shambani kwa Anyosisye migomba mitatu ilizama ikiwa wima;
mpaka leo iko shimoni, inazaa,
na hakuna anayeshuka kukata mkungu.

Nayajua haya yote.
Nayajua kwa sababu mwaka ule wa kujenga nyumba hii
nilinunua magunia kumi na tisa ya makaa,
saa nane za usiku, bila risiti, bila kuuliza,
nikachoma tanuri la matofali elfu saba.
Yalitoka mekundu. Ukiligonga moja, linalia kama kengele.
Nilijisifu mpaka Kyela.

"Vibaya, fundi?"

Matofali ni mazuri, mama.
Nimegonga moja kwa kifundo cha kidole. Limelia.
Kisha, chini ya miguu yetu,
kitu kimeitikia.

Nimemwambia tuanze kwa kutoa kitanda.