Kisahani

Kamba ina mafundo kumi na mawili,
fundo hadi fundo mita moja,
na mwishoni kisahani: mfuniko wa sufuria
alioupaka Ntakije robo nyeupe, robo nyeusi,
mkewe akautafuta wiki nzima.

Kazi yetu ni kukipoteza.
Yeye anashusha, mimi nachungulia
kidevu kikigusa ubao wa mtumbwi.
Nasema bado. Nasema bado.
Nikisema kimekwenda, anahesabu mafundo yaliyolowa.

Mwezi wa nane, mbele ya Katonga,
nilisema bado mpaka kamba ikaisha.
Kisahani kilining'inia huko chini, kidogo kama kifungo cha shati,
kuhe mmoja akapita juu yake bila haraka.
"Tumeishiwa kamba," Ntakije akacheka, "si maji."

Leo ni mwezi wa tatu.
Usiku kucha mvua imetwanga mabati ya Bangwe,
na asubuhi korongo letu limeingia ziwani
na ulimi mrefu wa rangi ya matofali.

Fundo la kwanza, nakiona.
La pili, ni mwezi nyuma ya moshi.
La tatu.
Kimekwenda.

Ntakije hakuniamini. Akakivuta,
akakishusha tena upande wa kivuli.
Tatu.

Nikachota maji kiganjani, nikasugua.
Yakabaki matope laini, na vijiwe vidogo kama mtama,
vijiwe ninavyovitoa kwenye kucha kila jioni.
Ni shamba langu la mteremkoni.
Miyombo ile niliikata mwenyewe
mwaka Nyamwiza alipoanza sekondari:
magunia kumi na tisa ya mkaa, ada, sare, godoro.
Kisha mihogo, na matuta nikayalaza yashuke na mlima,
maana jembe nalo hupenda kushuka.

Sasa mlima umekaa juu ya mawe ya chini,
pale vibuwa walipokuwa wakila ukoga,
na hakuna wa kuwapangusia meza.

"Andika," Ntakije akasema. Nikafungua daftari.
Saa: mbili na nusu. Upepo: hakuna. Fundo: tatu.
Sababu:
kalamu ikasimama.
Nikaandika mvua.

Mvua haina jembe. Mvua haina panga.
Ntakije alisoma, akanyamaza,
akaanza kuikunja kamba.

Na pembeni mwa neno lile, kwenye karatasi nyeupe,
dole gumba langu lilikuwa limeshatia sahihi,
jekundu.