Zloti Elfu Nne na Ushee

Bwana Pytel,
hii ni barua ya tatu. Ya kwanza hukuijibu.
Ya pili uliijibu kwa maneno sita:
"Gari kuukuu, bwana, lazima likohoe kidogo."
Hii nakuandikia kwa kalamu ile ile
ninayowaandikia watu risiti
nikishazirudisha piano zao kwenye sauti.

Ndiyo, hiyo ndiyo kazi yangu.
Hapa Krosno na vijiji vya milimani
nazijua piano themanini na tatu kwa majina ya wenyewe,
ipi ina panya, ipi ilimwagiwa supu usiku wa Noeli.
Waya ukilegea kwa unywele mmoja, silali.
Kwa hiyo ielewe aibu yangu.

Siku ile ya Novemba, uwanjani kwako,
theluji ya kwanza imezilowesha bendera zako za plastiki,
niliikuta injini imeshapata moto.
"Nimekuwashia mapema, usije ukapata baridi."
Nami, bwege, nikakushukuru.
Redio ilikuwa juu, akodioni na vigelegele,
ukaimba nayo, ukipiga usukani kwa kidole,
ukanisimulia habari za mzee wa Kijerumani
aliyekwenda nalo kanisani tu, Jumapili kwa Jumapili,
na jinsi alivyolia akiliaga.
Mzee yule! Nchi nzima tunamjua.
Ametuuzia nusu ya magari yetu na bado analia.

Kizuri chajiuza, Bwana Pytel.
Kibaya huwekewa redio.

Kilomita ya tisini, kwenye mwinuko wa Dukla,
nilizima redio nifikiri.
Ko. Ko-ko. Ko.
Halafu moshi.

Zenek fundi alilala chini ya gari, tochi mdomoni,
akatoka na beringi kiganjani, imelika kama sarafu ya mfu,
na mafuta yaliyoganda kama asali.
"Walilitia dawa," akasema, "linyamaze wiki moja."
Beringi, shafti, mafuta, kuvutwa hadi gereji:
zloti elfu nne mia nane na sitini.
Sidai gari jipya. Sidai hata pole.
Nadai hizo.

*

Barua ya tatu nayo haikujibiwa.

Hakimu alikuwa mama mwenye mafua, leso mkononi.
"Utathibitishaje," akauliza, "kwamba mlio huo
ulikuwapo siku ya kununua?"
Wakili wa Pytel akainua mkataba, kipengele cha saba:
mnunuzi amelikagua, ameridhika.
Sahihi ni yangu, tena nzuri.

Karatasi sikuwa nayo. Nikafumba macho,
nikaifungua siku ile kama ninavyofungua piano,
ubao baada ya ubao:
nikatoa akodioni, nikatoa vigelegele,
nikamtoa Mjerumani na machozi yake,
nikaitoa sauti ya Pytel ikiimba.
Chini kabisa kulikuwa na kitu.
Nikagonga meza kwa kifundo cha kidole.
Ko. Ko-ko. Ko.

Karani aliacha kuandika.
Nilipofumbua macho nilimwona Pytel,
uso mkavu, anatazama dirisha,
na kidole chake cha shahada juu ya goti
kinapiga polepole, bila yeye kujua,
mapigo yale yale
aliyoyapiga kwenye usukani,
kuyafunika.

Kama hakimu aliona, sijui.
Alipenga kamasi, akaahirisha kesi hadi tarehe kumi na tisa.
Gari liko kwa Zenek, juu ya matofali,
na Zenek naye ana watoto, hanikopeshi milele.

Nikabeba begi la spana na uma wangu wa sauti,
nikashika njia kwa miguu, theluji hadi vifundoni,
kwa Bibi Pelagia, ghorofa ya nne,
anayenisubiri tangu saa nane.
Do ya katikati, anasema,
inamsengenya.