Spana Kumi na Tatu

Kaka yangu Zbyszek hakazi bolti, huinyonga.
Nazijua hasira zake kwa kulala chini ya gari lake
hapa Suwałki, mgongo juu ya boksi la ndizi,
kutu na chumvi ya barabara za theluji
vikinidondokea machoni.

Bolti ya tatu ya ekzosi
haina tena pembe: alitia spana kumi na tatu
penye kumi na mbili, akalazimisha,
akaenda zake Norwei bila kuaga.

Juzi niliipaka mafuta. Jana pia.
Nikaigonga kichwani, taratibu,
kama anayebisha mlango wa mtu aliyenuna.
Kimya.

Leo nimechomelea nati juu yake.
Ingali nyekundu nikaigusisha mshumaa,
kipande kilichobaki Novemba, kaburini kwa mama;
nta ikazama katikati ya meno.

Nikavuta. Robo. Nikarudisha.
Ikalia kama mbwa aliyekanyagwa mkia.
Nikavuta tena.

Sasa imo kiganjani, ya moto bado, imepinda kidogo.
Mpya nimeitia grisi, nikaikaza
kwa mkono mmoja tu.
Siku akirudi kuifungua
asipate cha kunitukana.