Kivuli cha Saa Kumi

Mzee Mhando alikuja na picha kwenye simu:
jengo la vioo vya bluu, limesimama kama chupa ya marashi
katika mji ambao hakuutaja.
"Nataka hili. Ghorofa kumi na mbili,
hapa Ngamiani, ilipokuwa stoo ya mkonge."
Nikamuuliza: chupa ya marashi, Mzee,
ukiianika juani inabaki na nini?
Hakucheka.
Aliyeuza malori mawili hacheki upesi.

Nikaenda kiwanjani na fimbo ya futi sita
na Singano, mlinzi, wa kunishikia daftari.
Kila saa tulichora kivuli vumbini.
Saa tano kilikuwa kifupi kama kauli ya mdaiwa.
Saa sita na nusu kikajikunyata chini ya fimbo.
Saa kumi kikawa kirefu, kikapanda ukuta wa jirani.
"Jua hili la saa kumi," akasema Singano,
"ndilo lililomhamisha fundi saa.
Miwani ilikuwa inamuunguza pua."
Nikaliandika hilo. Chuoni hawakuniambia.

Basi magharibi nikavipa jua vitu visivyolala mchana:
ngazi, lifti, vyoo, tangi la maji,
ukuta mnene, madirisha membamba
kama macho ya mtu anayehesabu pesa.
Jengo nikalikondesha,
kusi iingie jikoni, itokee sebuleni,
bila kupiga hodi.
Chini, fremu kumi na moja na baraza mbele yake,
baiskeli mia na ishirini,
magari kumi na manne tu, na hayo kwa huruma.
Juu yake daktari wa meno, mafundi cherehani, ofisi;
juu ya ofisi, watu.
Ofisi zikizima saa kumi na moja, majiko yanawaka:
transfoma ileile, kwa zamu,
kama sufuria ya kuazimana.

Mzee akaukodolea macho mchoro.
"Mbona ni nyumba ya marehemu mama,
umeirundika mara kumi na mbili?"
Hakuwa anasifu.

Sikubishana. Nilimpeleka kwenye jengo la bima,
la vioo, ghorofa ya nne, saa nane mchana.
Umeme ukakatika. Sikupanga, Mungu shahidi.
Madirisha yale hayana komeo, hayana bawaba,
hayajui kufunguka.
Binti wa mapokezi alijipepea kwa faili la mteja.
Mashine ya kahawa ililia mara moja, ikanyamaza.
Mzee alivumilia dakika sita,
kanzu imemganda mgongoni kama stempu.
Tukashuka kwa miguu, yeye mbele, ameshika ukuta.
Mlangoni akasimama, akameza mate.
"Kile kibaraza chako, upana wake?"
"Futi tano."
"Weka sita."

Nikadhani nimemaliza.
Ndipo Mwanamgeni, anayeshona sare za shule
kwenye kibanda kitakachobomolewa,
akaja kuona atapewa fremu ipi.
Aliupitisha mchoro kidole, ghorofa kwa ghorofa,
kama anayetafuta jina lake kwenye orodha ya waliofaulu.
"Pazuri," akasema.
"Na nguo za mtoto nitaanika wapi?"

Familia arobaini na mbili.
Nilikuwa nimehesabu joto la kila ukuta,
lita za mvua za kila paa,
uniti za kila taa ya ngazini,
na sikuwa nimeanika hata nepi moja.

Nina alama ya mlango, ya bomba, ya swichi.
Alama ya kamba ya nguo sikufundishwa.
Usiku ule nikaichora kwa mkono, kila kibaraza,
nyuma ya matofali ya matundu, upepo unapopita:
mstari uliolegea kidogo katikati.
Ndio pekee katika mchoro mzima
ambao sikuuwekea rula.

Jana halmashauri wameurudisha.
Kuta hawakuzigusa, wala tangi, wala ngazi.
Wamezungushia wino mwekundu kamba zangu zote,
na pembeni mtu ameandika, kwa mwandiko mzuri:
*Hii ni nini?*