Tafsiri ya Foya

Kiingilio shilingi hamsini,
na kwa asiye nayo, ndoo mbili za maji kwa mama mwenye banda.
Majengo, Moshi, mwaka ule mahindi yalioza yakiwa yamesimama.
Madirisha yamezibwa kwa magunia ya kahawa
hata giza lenyewe likanukia mbuni.

Hatukujua katuni inaweza kuwa ndefu vile.
Hatukujua Wajapani wana milima.
Tulijua wana Toyota.

Foya alikaa ubavuni mwa televisheni, maiki mkononi,
kofia ya sufu kichwani hata saa saba mchana,
akatafsiri lugha asiyoijua hata salamu yake.
"Huyu binti ni wa Kidia, kule juu.
Mlima wao umeamka usiku, umeondoka,
umechoka kupandwa na wageni.
Kaachiwa birika, na ndani ya birika
ndimo ulimo moto wa mlima. Anaufuata.
Mbe! Tazama miguu!"

Na kweli tuliiona:
mlima mzima ukinyanyuka kama mtu aliyekaa mno matangani,
mawe yakimdondoka magotini, msitu ukining'inia kiunoni,
ukavuka mashamba ya mpunga usivunje mche hata mmoja.
Binti nyuma yake, nywele fupi, raba zimelowa,
na samaki wakubwa wakipita angani polepole
kama mawazo ya mtu anayemenya ndizi.

Kisha umeme ukakatika.
Mlima umeshaingia baharini, maji kifuani,
binti ufukweni ameinua birika,
na kioo kikajikunja kikawa nukta nyeupe,
nukta ikafa.

Hakuna aliyedai hela yake.
Foya, bila maiki, gizani, akaimalizia:
mlima ulisikia harufu ya kwao, ukageuka,
ukatembea usiku kucha, ukakaa palepale,
na asubuhi watu hawakujua kitu
ila ng'ombe mmoja aliyegoma kukamuliwa.

Tukapiga makofi. Nilikuwa na miaka tisa.
Nilitoka nje nikautazama wetu kwa mashaka.

Miaka ishirini na sita nimetembea na mwisho ule,
kwenye foleni za benki, kwenye msiba wa baba,
wodini, uchungu wa Ndekirwa ulipozidi.
Jana Ndekirwa kaipata kwenye simu,
picha safi, kijani ambacho deki ya Majengo haikuwahi kukiota,
maneno yakipita chini kwa adabu.
Ndipo nikajua Foya alitudanganya karibu kila kitu.

Binti hasemi.
Dakika nzima hasemi.
Upepo tu, na nyasi, na birika likigonga goti lake.
Pale Foya alipomwaga utani na bei za nyanya za Kiborloni
kumbe palikuwa kimya,
kimya cha mtu aliyetoka kuzika.
Na mlima haugeuki.
Unabaki majini, unakuwa kisiwa, ndege wanauzoea.
Yeye anarudi kwao; pale uliposimama
pana anga, anga nyingi kupita kiasi.
Anakoka moto. Anabandika birika.
Basi. Majina yanapanda.

Nilimfuata Foya Pasua, anakouza spea za pikipiki.
"Mlima?" akasema, akifuta mnyororo. "Mlima gani?"

Sijui nimpende nani zaidi:
yule wa mbali aliyepinda mgongo juu ya kila jani
na hakuandika neno pale neno halikuhitajika,
au huyu aliyeogopa kutuacha watoto gizani
na mlima unaozama.
Hawakujuana. Mimi ni wao wote wawili.

Ndekirwa kaitazama mara tatu. Kila mara, pale ufukweni,
anashika mkono wangu bila kuniangalia.
Leo akageukia dirisha. Saa nane mchana,
mawingu matupu toka Rau hadi Machame.

"Mama, wetu upo?"
"Upo."
"Umeuona?"

Nikaenda kubandika chai.