Gurudumu

Miaka miwili na nusu: kwa hamsta huo ni ukongwe.
Irmeli anarudi kutoka zamu ya usiku,
theluji ya Oulu bado mabegani,
ananawa, analoweka biskuti kwenye maji vuguvugu,
anamlisha Nappi kwa ncha ya kijiti.

Jicho moja lina ukungu.
Kucha zimejikunja kama ndoana.
Ngazi ameiondoa, bakuli amelishusha,
gurudumu kalitia kabatini
maana juzi lilimbwaga.

Wodini amewageuza wazee kumi na mmoja
bila kulia.

Saa tisa usiku, siku yake ya mapumziko,
anasikia maranda yakichakarika.
Nappi amesimama pale pale
gurudumu lilipokuwa,
miguu inakwenda,
inakwenda.

Irmeli hawashi taa. Anahesabu hatua,
na anachoka yeye kwanza.